Visoda Viwili na Sekunde 40

"Umepewa," jirani akamwambia mwanangu. "Hujashinda wewe. Umepewa."

Ilikuwa Jumapili jioni, kijiweni kwetu Ngamiani, Tanga. Baba Mkubwa, ambaye kwa drafti mtaa mzima wanamwogopa, alikuwa amekubali kucheza na mtoto wa miaka 11. Kabla hawajaanza aliondoa visoda vyake viwili ubaoni, akavitia mfuko wa kanzu, akacheza na 10 dhidi ya 12. Mchezo ulipita nusu saa. Mwishoni mtoto akaingiza kingi, akala visoda vitatu kwa mkupuo mmoja, na Baba Mkubwa hakuwa tena na pa kwenda.

Mtoto aliruka juu. Kisha likaja lile neno, akakaa.

Njiani akaniuliza, "Baba, Babu asingetoa vile viwili, ningemfunga?"

Nikamwambia ukweli. Asingemfunga.

"Sasa mimi nimeshinda nini?"

Wiki ya nne hii swali hilo ninalo. Nimelala nalo, nimeamka nalo, nimepanda nalo daladala. Wanaonisoma siku nyingi wanajua kwamba nikikwama hukimbilia magari ya zamani, na safari hii nilijua pa kwenda. Kuna mbio zilizowahi kuendeshwa kwa kanuni ya vile visoda viwili, miaka karibu mia iliyopita, mbele ya umati wa watu, na wakubwa kwa wadogo wakagombana kuhusu neno lile lile: umepewa.

Injini ndogo kuliko ya Passo

Tarehe 17 Agosti 1929. Kaunti ya Down, Ireland ya Kaskazini. Mvua.

Uwanja ni barabara za watu. Unatoka Dundonald, unaingia mji wa Newtownards, unakwenda Comber, unarudi, kilomita 22 kasoro kidogo. Ukuta wa mawe huku, nyumba za watu kule, na pale Comber kuna kona yenye bucha ambayo kila dereva aliijua kwa jina. Unazunguka mara 30. Jumla ni kilomita 660, kama umetoka Dar umefika Arusha, isipokuwa hapa husimami Korogwe kula.

Mbio zinaitwa Tourist Trophy, na zilifika Ards, ndilo jina la uwanja huu, mwaka 1928 kwa sababu ya sheria. Uingereza yenyewe haikuruhusu barabara za umma zifungwe kwa ajili ya mashindano. Ireland ya Kaskazini ilijitungia sheria yake ya kuruhusu mwaka 1922. Mmoja wa waliohangaika kuzileta mbio hizo huko ni Harry Ferguson, mzaliwa wa kaunti hiyo hiyo ya Down. Jina lake mnalijua bila kujua kwamba mnalijua, maana ndilo lililo ubavuni mwa trekta la Massey Ferguson linalolima mashamba yetu.

Sasa tazama magari. Kuna Mercedes-Benz ya Rudolf Caracciola, injini ya lita 7, kubwa kuliko ya Land Cruiser V8 yoyote uliyowahi kupishana nayo barabarani. Na kuna Austin 7.

Austin 7 naipenda, acha niseme. Herbert Austin aliichora nyumbani kwake akisaidiwa na kijana wa miaka 18, Stanley Edge, wakati wakubwa wenzake kiwandani hawakuitaka. Ilitoka mwaka 1922. Injini yake ni cc 747. Toyota Passo ya cc 1,000 unayoiona inapeleka watoto shule ina injini kubwa kuliko hiyo. Zile za mbio zilifungwa supachaja, pampu inayosukuma hewa kwa nguvu ndani ya injini, lakini hata hivyo unaiweka mbele ya Mercedes ambayo injini yake ni zaidi ya mara tisa ya kwako.

Ungefanyaje, kama wewe ndiye mwenye kupanga mbio? Unaweza kuziachia tu zikimbie, na kila mtu ajue tangu asubuhi atakayeshinda. Unaweza kuzitenga, wadogo peke yao na wakubwa peke yao, na kila kundi lipate kikombe chake.

Ards walifanya jambo la tatu. Waliziweka zote barabarani siku moja, wakawahesabia wadogo mizunguko na dakika ambazo hawajaziendesha. Waliviondoa visoda ubaoni.

Mkono kwenye kofia

Jina la utaratibu huo ni handikapu, na asili yake si michezo. Ni mchezo wa zamani wa Waingereza wa kubadilishana vitu. Mimi nina saa, wewe una joho, tunataka kubadilishana ila thamani hazilingani. Tunamwita mtu wa tatu aseme tofauti ni kiasi gani. Wote tunaweka pesa kidogo kwenye kofia, tunaingiza mikono, na namna tunavyoitoa ndiyo inayoonyesha kama tumekubali hukumu yake au tumeikataa. Mkono kwenye kofia. Baadaye watu wa farasi wakalichukua neno, wakawabebesha uzito farasi wenye mbio.

Watu wa magari wakalichukua kwa watu wa farasi, na wakachukua hata nguo. Uwanja wa Brooklands ulipofunguliwa mwaka 1907, madereva walivaa rangi kama wapanda farasi ili watazamaji wawatambue. Huko Brooklands kazi ya kupanga handikapu aliifanya A. V. Ebblewhite, ambaye madereva walimwita Ebby. Riziki yake nyingine ilikuwa kuuza ala za muziki London. Nimemfikiria sana mtu huyu. Kazi yake ilikuwa kukaa na saa mkononi, kumtazama kila dereva na kila gari, kisha kusema: wewe utatangulia kwa sekunde hizi, wewe utangoja.

Akikosea, mtu mmoja anashinda kwa mbali na wengine wanapiga kelele. Akipatia, wote wanakuja pamoja kwenye mstari wa mwisho, na hakuna anayejua mshindi mpaka dakika ya mwisho kabisa.

Yaani kazi yake ikiwa nzuri kuliko zote, yeye mwenyewe hawezi kubashiri.

Nani anaongoza?

Wasioipenda handikapu wana hoja, na sitaki kuzipitia juu juu.

Ya kwanza ni ya mtazamaji. Umesimama kwenye kona ya Comber, umelowa, gari linapita mbele ya mengine yote. Ndilo linaloongoza? Hujui. Labda kinachoongoza ni kile kidogo kilichopita dakika mbili zilizopita kikinguruma kama cherehani. Inabidi uwe na karatasi na penseli. Shangwe inakuwa jambo la hesabu.

Ya pili ni ya uaminifu. Ukijua kwamba utapewa kulingana na udogo wako, utapenda uonekane mdogo. Unaendesha taratibu siku za mazoezi, unaficha makali, halafu siku yenyewe unafungulia. Utaratibu uliokusudiwa kuwainua wanyonge unaweza kumfundisha mtu kujifanya mnyonge.

Ya tatu ndiyo iliyoninyima usingizi, na ina jina: Eddie Hall.

Hall aliingia Ards na Bentley mwaka 1934. Katika magari yote yaliyomaliza, lake ndilo lililokwenda kwa wastani wa kasi kubwa kuliko yote, zaidi ya kilomita 125 kwa saa. Akawa wa pili, nyuma ya MG ndogo ya Charlie Dodson, kwa sekunde 17. Akarudi 1935 na gari lile lile. Kasi kubwa kuliko wote. Wa pili. Akarudi 1936. Kasi kubwa kuliko wote. Wa pili.

Miaka mitatu mfululizo hakuna aliyekwenda mbio kuliko yeye, na miaka mitatu mfululizo kikombe alikiona mikononi mwa mwingine.

Mwanangu aliuliza, nimeshinda nini? Hall angeweza kuuliza, nimeshindwa nini?

Nilipofika hapo niliifunga kompyuta. Siku kadhaa nilikuwa upande wa jirani yetu wa kijiweni. Nilianza kuona kwamba pengine Baba Mkubwa alimdhulumu mtoto, alimpa ushindi ambao hauna kitu ndani, na kwamba ingekuwa heshima zaidi kumfunga mara 10 mpaka siku atakayoweza mwenyewe, kama sisi tulivyofungwa.

Sekunde 13

Kilichonigeuza kilikuwa namba.

Mwaka 1928, mbio za kwanza za Ards, alishinda Kaye Don na Lea-Francis ya lita moja na nusu. Aliendesha karibu saa sita kwa wastani wa kilomita 103 kwa saa. Nyuma yake alikuja Leon Cushman na Alvis inayovutwa kwa magurudumu ya mbele. Kati yao kulikuwa na sekunde 13.

Saa sita. Sekunde 13.

Hebu fikiria kila kitu kinachoweza kula sekunde 13 katika safari ya kutoka Dar hadi Arusha. Gia moja iliyogoma kuingia. Kona moja uliyoiogopa kidogo kwa sababu barabara imelowa. Kifuniko cha tanki kilichochelewa kufungwa. Umegeuka mara moja kumtazama anayekufuata. Hesabu hizo, zilizopangwa mezani kabla gari lolote halijawashwa, hazikumwachia dereva yeyote nafasi ya kupumua.

Na hapo ndipo nilipoanza kuelewa jambo ambalo sikuwa nimeliona, ingawa nimesoma habari za Ards miaka mingi. Nilikuwa nikiifikiria zawadi ya mizunguko kama sadaka. Unampa maskini, anakula, anashukuru. Lakini dereva wa Austin hakupewa hata sekunde moja ya kupumzikia. Alipewa kiasi ambacho, akiendesha kwa uwezo wake wote kwa saa sita, huenda kikatosha. Akipunguza kidogo tu, kinapotea chote. Yule wa Mercedes vivyo hivyo: akiendesha kwa kuridhika kwamba gari lake ni kubwa, hawafikii.

Mwaka ule wa 1929, kwenye mvua, Caracciola aliwafikia. Alishinda kwa wastani wa kilomita 117 kwa saa na gari zito la lita 7 kwenye barabara inayoteleza, na wanaojua mambo haya bado wanaitaja siku ile wanapoeleza kwa nini aliitwa bingwa wa mvua. Wa pili alikuwa Giuseppe Campari na Alfa Romeo. Wa tatu, Archie Frazer-Nash. Na Austin 7. Austin nyingine ikawa ya nne. Baadaye kiwanda kiliuza toleo la mbio la gari lile kwa jina la Ulster, jina la jimbo lile, kwa heshima ya siku ile.

Mtu akiniambia siku ile Caracciola aliendesha vile bila wale wadogo mbele yake kumlazimisha, simwamini. Mkubwa naye alidaiwa chote alichokuwa nacho.

Kijana wa Omagh

Kuna mbio moja zaidi ninayotaka tukae nayo.

Septemba 1933. Sasa ni mizunguko 35, kilomita 769. Tazio Nuvolari, Mwitaliano mfupi ambaye wengi walimhesabu kuwa dereva bora wa wakati wake, anaendesha MG Magnette ya cc 1,087. Anayemkabili ni Hugh Hamilton, kijana mzaliwa wa Omagh, yaani mtu wa nyumbani, kwenye MG ndogo zaidi, cc 746.

Vigari viwili. Wakubwa wamebaki nyuma kwenye hesabu, na mbio imekuwa kati ya mdogo na mdogo zaidi.

Hamilton aliendesha siku ile kama mtu aliyeahidi jambo. Akasimama piti kuweka mafuta, na hapo mambo yakaharibika. Dakika zikaenda. Najua wengi wenu mmewahi kusimama mahali mkiona dakika zinaondoka na mikono ya mtu mwingine ndiyo iliyoshika kazi yenu. Alipotoka, Nuvolari alikuwa anakuja kwa kasi ambayo barabara zile hazijapata kuiona.

Nuvolari alishinda kwa sekunde 40, wastani wa zaidi ya kilomita 126 kwa saa.

Nimeirudia hesabu hii mara nyingi. Handikapu ilijua ukubwa wa injini ya Nuvolari. Ilijua supachaja. Haikumjua Nuvolari. Hakuna safu kwenye ile karatasi ya kuandika kwamba mtu huyu akikaa kwenye usukani, gari la cc 1,087 linakuwa gari jingine. Walipima chuma. Mtu alibaki nje ya kipimo.

Na Hamilton vilevile. Kile alichokifanya na cc 746 mpaka zikabaki sekunde 40 tu kati yake na Nuvolari, hakuna aliyempa. Alipewa mizunguko. Kuiendesha iliyobaki ilikuwa juu yake.

Kijana huyu alifariki mwaka 1936, mbioni Uswisi. Mwaka huo huo, Septemba, gari lilitoka barabarani Newtownards likaingia kwenye watazamaji, watu wanane wakafa, na mbio za Ards zikaisha. Barabara bado zipo. Siwezi kuandika kuhusu uzuri wa siku zile nikaruka watu wanane waliokuja kutazama na hawakurudi nyumbani.

Vilipokuwa viwili

Juzi nilimwendea Baba Mkubwa nyumbani, asubuhi, kabla hajatoka. Nilimwamkia, nikakaa, nikamuuliza moja kwa moja: "Baba Mkubwa, kwa nini viwili? Kwa nini si kimoja, au vitatu?"

Hakushangaa. Alimalizia chai yake kwanza.

"Nimemtazama miezi miwili akicheza na wenzake," alisema. "Anaacha upande wa kushoto wazi, lakini akishapata kingi hana mchezo. Ningempa kimoja, angefungwa. Ningempa vitatu, asingefikiri, angesukuma tu. Viwili nilijua mmoja wetu atatoka jasho. Sikujua nani."

Nikamwambia alichosema jirani.

"Visoda nimempa mimi," akasema. "Kufikiri sikumpa."

Miezi miwili. Mzee wa miaka 70 na zaidi, ambaye kila jioni amezungukwa na watu wazima wanaotaka kucheza naye, alikuwa akimwangalia mtoto kwa jicho la pembeni ili ajue anapungukiwa kiasi gani, bila kuzidisha, bila kupunguza. Hakuna mtu mwingine mtaani aliyekuwa anajua upande wa kushoto wa mwanangu uko wazi. Mimi baba yake sikujua.

Nilimfikiria Ebblewhite na saa yake.

Nimemfikiria Hall pia, na jibu lake sijalipata lote. Nadhani alijua. Mtu harudi mara tatu na gari lile lile kwenye mbio anazoziona za uongo. Lakini kikombe ni kikombe, na naona uchungu wake, na sitaki kuufuta kwa sababu tu nimepata ninachotaka kumwambia mtoto.

Jumapili hii

Tulikwenda tena. Watu walikuwa wengi, jirani yetu naye alikuwepo. Mtoto alimwamkia Babu, akapanga visoda, vyake na vya mwenzake, 12 kwa 12, akaweka mikono magotini akangoja.

Baba Mkubwa aliutazama ubao kwa muda. Akaondoa kisoda kimoja, akakitia mfukoni.

"Babu," mtoto akasema, "vilikuwa viwili."

"Vilikuwa."

Kijiwe kilinyamaza. Mtoto alimtazama Babu, akanitazama mimi, kisha nikaona uso wake unabadilika, taratibu, mgongo unanyooka. Hakubisha. Akasogeza kisoda cha kwanza, cha upande wa kushoto.

Alifungwa. Ilichukua karibu saa nzima na jua lilikuwa limeshazama. Njiani hakuniuliza kitu. Alitembea mbele yangu akiongea peke yake, vidole vikicheza hewani: kile ningekiacha, hiki ningekipeleka pembeni, Babu angekula hapa, mimi ningekula pale.